Vipande Vinane Karibu na Maji

3 Novemba. Mvua: milimita 14.

Thèse, tasnifu yangu ya udaktari, ninaiandika kwa Kifaransa. Barua za chuo ni Kifaransa, na madarasa ni Kifaransa. Daftari hili litakuwa la Kiswahili, kwa sababu hakuna jury ya watahini itakayolisoma.

Jina langu Débora Mukalay, umri miaka arobaini na nne, mwalimu wa kilimo katika chuo kikuu kimoja hapa Kamina. Cheo changu ni chef de travaux, yaani mtu anayefundisha kama profesa lakini haitwi profesa mpaka amalize udaktari. Wangu umeingia mwaka wa tisa. Swali la thèse ni moja tu: kati ya aina nane za mahindi, ipi inafaa udongo wetu? Misimu miwili nimekwisha kupima. Huu ni wa tatu na wa mwisho. Dekano, mkuu wa kitivo chetu, ametuandikia kwamba asiyeweka kazi mezani kabla ya tarehe 31 Machi, jina lake litafutwa kwenye orodha ya udaktari.

Leo tumepanda. Shamba ni la Mama Kapinga, mjane mwenye asili ya Kasai, kando ya barabara iendayo Base, kambi ya jeshi. Tumeligawa vipande ishirini na vinne: nane juu kwenye mwinuko, nane katikati, nane chini karibu na kijito. Kila aina ina namba yake, na kipande kimoja katika kila sehemu. Mapatano yetu hayajabadilika: ardhi na palizi ni vyake, mbegu na mbolea ni vyangu. Mavuno yote anachukua yeye, lakini baada ya mimi kupima.

4 Novemba. 0.

Hakuna cha kuandika.

10 Novemba. 22.

Yameota. Namba saba imeota kwanza, kama miaka miwili iliyopita. Nikiwa na mtoto ninayempendelea, ni huyo.

19 Novemba. 9.

Mume wangu, Jéthro Banza, anafundisha hesabu kwenye shule ya Wametodisti. Jioni anakaa upande mmoja wa meza na makopi, karatasi za mitihani za wanafunzi, mimi upande wa pili na thèse. Hajaniuliza kama tumepanda. Mwaka jana hakuniuliza kama tumevuna. Mwanamume anayeishi na thèse miaka tisa bila kuuliza imefika wapi ni mvumilivu au hajali. Ninaelekea kuamini la pili.

20 Novemba. 31.

Palizi.

12 Desemba. 61.

Profesa Badibanga, msimamizi wangu wa Lubumbashi, alipiga simu. Ana miaka sitini na tisa, na mimi ni mwanafunzi wake wa mwisho. Alisema, "Débora, minyi nataka jedwali iliyojaa. Jury haipende visanduku tupu." Nikamwambia litajaa. Nilipokuwa kijana niliamini mtu huyu anaweza kuonja udongo na kukutajia asidi yake. Bado ninaamini hivyo kwa sehemu kubwa.

25 Desemba. 17.

Kanisani mchungaji aliwaombea wagonjwa, wasafiri, "na bale ambao masomo yabo haiishe." Mistari mitatu ya mbele iligeuka kunitazama.

7 Januari. 74.

Vipande vya chini vimesimama ndani ya maji. Majani ya chini yamekuwa ya njano, hasa upande wa namba saba na namba mbili. Mama Kapinga alikuja na jembe begani.

"Tuchimbe mutaro, Mama Débora. Maji ipite."

"Hapana. Tukichimba huku chini tu, vipande havitalingana na vya juu."

"Lakini mahindi inakufa."

"Kama inakufa, tutaandika inakufa."

Alirudi juu na jembe lake.

15 Januari. 40.

Kesho napanda treni kwenda Lubumbashi. Profesa anataka kuona sura nne za mwanzo. Nitakaa majuma mawili. Mahindi hayahitaji mtu mpaka Machi.

24 Januari. Lubumbashi.

Siku ya tatu kwenye korido mbele ya ofisi yake. Mikutano. Karatasi zangu nimezipanga upya mara nne.

27 Januari. Lubumbashi.

Amenipokea dakika hamsini. Alisoma kwa kioo cha kukuzia, akanirudishia kurasa zikiwa na wino mwekundu ukurasa hadi ukurasa. Mara mbili aliniuliza swali lile lile. Nilimjibu mara mbili, kwa maneno yale yale.

4 Februari. Luena.

Treni haiendi mbele. Mvua imeondoa udongo chini ya reli, kati ya hapa na Kamina. Wametodisti wa hapa wamenipa kitanda. Mvua: sijui, kipimo kiko nyumbani.

5 Februari. Luena.

Vilevile.

8 Februari. Luena.

Vilevile. Simu haina mtandao. Naandika utangulizi wa sura ya tano, kisha naufuta.

13 Februari. Kamina. 28.

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilifika nyumbani saa mbili asubuhi. Kwenye daftari la mvua nililoliacha mezani nilikuta kila siku imejazwa, kuanzia tarehe 16 Januari hadi jana, kwa mwandiko wa Jéthro. Milimita na nusu milimita. Yeye alikuwa ameshatoka kwenda shuleni. Nilikunywa chai, nikaenda shambani.

Juu, mahindi yamesimama. Katikati, yamesimama. Chini hakuna kitu. Mabua yamelala, masuke yote yamekatwa. Hata kamba zangu za kugawa vipande zimekunjwa vizuri na kutundikwa kwenye kigingi.

Mama Kapinga alikuwa mbele ya nyumba anaosha sufuria. Watoto watano nisiowajua walikuwa wamekaa kwenye mkeka.

"Jambo, Mama Débora. Umefika. Banasema njia ya treni ilikatika."

"Mama Kapinga, mahindi ya chini iko wapi?"

"Tulikulya."

Nilidhani sikusikia. Nikamwuliza tena, akajibu vilevile.

"Hii batoto ni ba Talitha, mutoto yangu wa kwanza," alisema. "Bwana yake ni soda, askari wa jeshi. Balimutuma kule ku Est, ku vita, na nyumba ya camp balipatia mwingine. Talitha alikuya na batoto batano na mikeka mbili. Muhogo yangu ilikuwa imeoza na maji. Siku tatu tulipika majani. Siku ya ine nikashuka chini."

"Ungevuna mistari ya pembeni. Ile haipimwi, unajua."

"Ile tulimaliza kwanza."

"Ungenipigia simu."

"Nilikupigia. Haikupita."

Hilo ni kweli. Kisha nikasema neno ambalo sasa nikiliandika naliona lilivyo: "Miaka tisa, Mama Kapinga."

Aliweka sufuria chini.

"Ndiyo, mama. Na hii batoto habakukuwa na siku tisa."

Akafuta mikono. "Mu '93 minyi nilikuwa na miaka kumi na munane. Batu ba Kasai balitufukuza mu Katanga, tukalala ku gare ya hapa Kamina mwezi muzima, tunangojea treni. Mahindi ya batu ilikuwa mu mashamba, tunaiona na macho. Mama yangu akasema, ile haiko yetu, musiguse. Alikuwa mama wa kanisa. Hatukugusa. Mudogo yangu Béni alikufa pale pale, juu ya mikoba yetu. Minyi nilimuzika na nikabakia hapa. Sasa weye unaniuliza juu ya nini nimegusa?"

Sikuwa nimemwuliza hivyo, lakini ndiyo maana ya maswali yangu yote. Nilirudi chini, nikahesabu vigingi, nikaandika: vipande vinane, mavuno hakuna. Mwandiko ni mzuri. Nimeutazama sasa hivi, haukupinda popote.

14 Februari. 3.

Niliandika ujumbe kwa Profesa. Nikaufuta.

15 Februari. 0.

Nikauandika tena, nikaufuta.

22 Februari. 19.

Sikwenda shambani wiki hii. Nasema nina hasira. Nikijichunguza sioni hasira, naona aibu, lakini hasira ni rahisi zaidi kubeba barabarani.

2 Machi. 12.

Jéthro ameendelea kupima mvua. Nilimwambia nimerudi, anaweza kuacha. Akasema, "Nimezoea."

10 Machi. 0.

Tumevuna juu na katikati. Nimepima. Namba saba imeshinda zote pande zote mbili, kwa mbali. Mama Kapinga alishika mzani upande wake, mimi upande wangu. Tuliongea kuhusu mzani tu.

13 Machi. 5.

Nimejaza visanduku vinane vya chini. Nilichukua wastani wa juu na katikati, nikapunguza kidogo hapa, nikaongeza kidogo pale, ili namba zisifanane. Ilichukua dakika kumi na mbili.

14 Machi. 0.

Nimetuma.

15 Machi. 0.

Nimelala mchana.

16 Machi. 26.

Jéthro alikuwa akitafuta rula kwenye karatasi zangu. Jedwali lilikuwa juu. Alilitazama, akachukua rula, akarudi kwenye makopi yake.

19 Machi. 8.

Profesa alipiga simu, sauti imechangamka kama ya mtu wa miaka arobaini.

"Débora, iko muzuri sana! Misimu mitatu, namba saba ya kwanza mara zote. Nimepatia shirika moja la mbegu jedwali yako. Banataka kununua namba saba kwa wingi, bagawie familia za kando ya Lualaba, upande wa Bukama. Banapanda mwezi wa kumi. Utakuwa docteur mwenye kazi inayolisha batu, siyo panya."

Alicheka. Nilicheka pia. Nilipokata simu nilibaki nimekaa.

Kando ya mto Lualaba ni mabonde. Maji yanasimama pale majuma mazima. Katika shamba langu ni vipande vinane tu vilivyosimama ndani ya maji msimu huu, na vinane hivyo nimevibuni mwenyewe, mezani, kwa dakika kumi na mbili.

20 Machi. 0.

Nilikwenda kwa Mama Kapinga kabla ya darasa. Talitha, yule binti, alinikaribisha kiti. Nikabaki nimesimama.

"Mama Kapinga, nakuomba unikumbukie kitu. Siku ulivuna chini, kipande cha namba saba, kilikuwaje?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Saba? Ile ya kamba nyekundu? Ilikuwa haina kitu. Ukivuta, bua inatoka na mizizi, mizizi inanuka. Nilikata masuke kumi, masuke saba ilikuwa gunzi tupu. Ile tuliyokulya ni ya namba ine na namba moja. Namba mbili ilioza pia, lakini siyo kama saba."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza iko wapi."

Nilikwenda darasani. Nilifundisha kwa saa mbili kuhusu mbolea ya kijani. Wanafunzi waliandika kila neno.

21 Machi. 0.

Nikinyamaza: naweka thèse tarehe 31, naitetea Juni mbele ya jury, naitwa docteur. Na Oktoba watu fulani kando ya Lualaba wanapanda namba saba.

Nikisema: jina langu linafutwa. Pengine na la Profesa linachafuka.

Nimeandika pande zote mbili kwa urefu sawa, lakini haziko sawa. Nimekaa juu ya jambo hili siku nzima kana kwamba ni gumu. Si gumu. Ninaogopa tu.

23 Machi. 11.

Baada ya ibada Jéthro alibaki uani, anapiga viatu brashi. Nilikaa kwenye jiwe karibu naye.

"Baba Tamar," nilimwambia, kwa jina la binti yetu, "nimefanya kitu kibaya mu thèse."

"Jedwali," alisema.

"Uliona?"

"Niliona. Huko juu chiffres, namba zako, zinaruka-ruka. Katikati zinaruka. Chini zinatembea pole pole, kama batoto ba masomo mu mustari. Shamba haiandike vile."

"Na ulinyamaza."

"Nilikuwa ninangojea useme weye mwenyewe."

Nikamwambia yaliyokuwa yamenikaa kooni: kwamba miaka mingi hajaniuliza chochote, kwamba nimeishi na thèse kama mjane. Aliacha brashi.

"Weye njo ulinikataza. Mwaka wa tatu, siku Profesa alikurudishia sura ya kwanza yote. Ulisimama hapa hapa. Ulisema, mutu wa hii nyumba asiniulize tena thèse iko wapi. Tamar alikuwa mudogo, akalia. Minyi nilitii."

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini ni sauti yangu, naitambua.

Alichukua kiatu cha pili. Baada ya muda akauliza, kwa uangalifu wa mtu anayekanyaga sakafu yenye maji: "Sasa naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Iko wapi?"

Nikamweleza. Ilichukua mpaka mchana. Hakunipa shauri lolote. Nilipomaliza alisema tu, "Andika barua leo. Kesho utapata sababu ya kunyamaza."

Nimeandika barua. Mistari kumi na minne, Kifaransa. Nimesema vipande vinane havikupimwa, vililiwa na watoto watano. Kwamba namba nilizibuni mimi, bila mtu kuniomba. Kwamba kwa ushuhuda wa mwenye shamba namba saba inaoza penye maji, na isipelekwe Bukama. Nimeituma saa tisa alasiri, kwa Profesa na nakala kwa dekano.

24 Machi. 0.

Hakuna jibu.

25 Machi. 0.

Hakuna.

28 Machi. 33.

Nimelipigia simu shirika la mbegu mwenyewe. Katibu alisema mkubwa wake yuko safarini, na kwamba wao wanamsikiliza profesa, siyo mwanafunzi.

31 Machi. 2.

Siku ya mwisho. Nilikaa ofisini mpaka saa kumi. Sikuweka kitu mezani kwa mtu. Nilimwagilia mche ulio dirishani, nikafunga mlango.

3 Aprili. 0.

Orodha imebandikwa. Jina langu halimo. Wenzangu wawili walinipa pole, mmoja akashuka ngazi haraka. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nilitarajia kulia na sikulia, nilinunua mboga.

Jéthro alisoma uso wangu mlangoni. "Haiko?" "Haiko." Akachukua mboga mkononi mwangu, akaanza kuzichambua mwenyewe. Zilipikwa na mchanga. Tulikula.

9 Aprili. 0.

Mvua zinaelekea kwisha. Asubuhi kuna baridi kidogo.

17 Aprili. 1.

Siku ishirini na tano tangu barua. Najikuta nawafundisha wanafunzi vizuri kuliko mwaka wote.

24 Aprili. 0.

Profesa alipiga simu saa nne, nikiwa darasani. Nilitoka nje.

"Débora."

"Prof."

"Barua yako nilisoma mara tatu. Ya kwanza nilitaka kukufukuza. Ya pili pia."

"Na ya tatu, Prof?"

"Ya tatu bibi yangu wa ndoa njo alinisomea, macho yangu ilikuwa imechoka. Alipofika ku bale batoto batano, akaniuliza: na weye, ile shamba ulifika? Nikamujibu hapana. Miaka tisa, Débora, sijafika hata siku moja. Sikujua hata kama kuna kijito."

Kisha akageukia mambo ya ofisi.

"Watu ba mbegu nimewaandikia. Habatanunua namba saba. Bamekasirika na minyi, wacha bakasirike. Dekano nilimuona jana. Utapata blâme, karipio, mu dossier yako, imeandikwa mu faili, na itabakia. Hiyo sikuomba waiondoe, kwa sababu ulifanya."

"Ndiyo, Prof. Nilifanya."

"Lakini nimekuombea msimu moja. Moja. Dekano amekubali. Mu décembre minyi naenda retraite, namaliza kazi, lakini mu janvier nitapanda treni nikuje kuangalia hiyo maji na macho yangu. Bado uko na shamba?"

Nilimwambia siyo yangu. Nilimwambia nitauliza.

Nilipokata simu nililia, palepale nyuma ya darasa, kwa muda mfupi. Kisha nikarudi ndani, nikamalizia somo.

28 Aprili. 0.

Nimekwenda kwa Mama Kapinga. Safari hii nilikaa kwenye kiti.

"Nataka shamba tena, mwaka ujao. Kama unakubali."

"Yote?"

"Yote. Na chini."

"Na namba saba?"

"Na namba saba. Pale pale pa maji."

Aliniinamia kama mtu anayesema na mgonjwa. "Mama Débora, minyi nilikuambia. Saba itaoza."

"Njo vile. Nataka ioze nikiwa ninaangalia. Na nipime."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka Talitha akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Masomo ya bakubwa!" alimwambia binti yake, akifuta machozi. "Banapanda bajue itakufa!"

Alipotulia, akawa mtu wa mapatano tena. "Sawa. Lakini sikia. Hapa tuko batu saba sasa. Mpaka mwezi wa tisa, kule chini kungali na maji kidogo, tunapanda bilazi, viazi ya kulya. Na mahindi ikikuja, nyuma ya nyumba kuna kipande yetu, haina namba, haina kamba. Weye unanisaidia kulima yote mbili."

"Nakubali."

"Leo."

Akaingia ndani, akatoka na majembe mawili, akanipa lenye mpini mfupi. Nilivua viatu, nikakunja sketi, nikamfuata bondeni. Miaka tisa ya thèse ya kilimo, na nilikuwa sijalima mstari mmoja kwa mikono yangu.

Tulipiga matuta mpaka saa sita. Yeye alipiga sita, mimi mawili. La pili lilipinda kuelekea kijito. Mama Kapinga alilitazama, akaingia na jembe lake akalinyoosha, nami nikaanza la tatu.